Ukurasa Mmoja wa Mkurugenzi

Wananchi wa Hanang na Mbulu, pamoja na wageni waalikwa popote mlipo, kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba suala la urefu wa wasifu wa mwombaji kazi, lililokuwa likilisumbua taifa bila taifa lenyewe kujua, limepatiwa ufumbuzi hapa Katesh. Ufumbuzi ulipatikana kwa njia ya vikao. Kwa muda wote wa vikao hivyo, kisima cha kijiji cha Getanuwas kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Nasema haya bila majivuno. Mimi nilikuwa katibu tu.

Jina langu ni Evarist, Afisa Tawala wa Mamlaka ya Visima vya Ukanda wa Mlima. Kama hujawahi kuisikia mamlaka hiyo, ni kwa sababu tulifanya kazi kwa utulivu mkubwa. Ofisi yetu ilikuwa na vyumba vitatu, upepo usiolala, na Mkurugenzi, Mheshimiwa Julius Hhando, mtu mwenye sauti nzito na wasifu wa kurasa arobaini na tatu. Wasifu huo aliujalidi kwa jalada gumu la bluu na kuuweka mezani pale ambapo watu wengine huweka picha ya familia. Humo ungekuta ukurasa mzima kuhusu siku alipokuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya chekechea kule Gitting, hotuba ikiwa imeambatishwa.

Mambo yalianza hivi. Mzee Yohanes, aliyeendesha pampu ya kisima cha Getanuwas tangu kilipochimbwa, alistaafu. Alirudisha funguo ofisini, akanywa chai, akaenda zake kwao Mbulu kulima vitunguu swaumu. Tukatangaza nafasi ya Mwendesha Pampu. Waombaji wakaleta wasifu wao, au kama wanavyosema mtaani, sivii. Mkurugenzi akaziangalia, kisha akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata tulipoibiwa gari.

"Evarist, hebu ona. Huyu ana nusu ukurasa. Huyu ana kurasa kumi na mbili. Utawashindanishaje?"

"Ni vigumu, Mheshimiwa."

"Ni sawa na kushindanisha mbuzi na lori! Mwananchi atasema tumependelea."

"Atasema, Mheshimiwa."

"Basi hatuajiri mtu mpaka ijulikane sivii inatakiwa iwe na urefu gani."

Yule wa nusu ukurasa alikuwa binti wa Getanuwas anayeitwa Violeth. Alisomea ufundi mitambo chuoni. Aliwahi kuifufua mashine ya kusaga ya Balangdalalu na kutengeneza pampu ya parokia ya Gitting. Aliandika hivyo hivyo, akaweka na namba ya simu, akaishia hapo, kana kwamba hakuna kingine ambacho tungependa kujua.

Ikaundwa Kamati ya Muda ya Urefu wa Wasifu. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi. Katibu nilikuwa mimi. Mjumbe alikuwa Mama Agatha, Afisa Utumishi, mwanamke wa maneno machache ambaye alihudhuria vikao vyote huku akifuma sweta, kwa kuwa Katesh kuna baridi na vikao vyetu vilikuwa virefu.

Kikao cha kwanza kilijadili ukurasa ni nini. Msidharau. Kuna watu wanaandika herufi ndogo kama sisimizi, na kuna wanaoandika herufi kubwa kama bango la duka. Mama Agatha alitoa futi yake ya ushonaji tukapima. Kikao cha pili kilijadili nafasi kati ya mstari na mstari. Kisha tukafanya ziara ya mafunzo Mbulu, ambako wenzetu wa taasisi moja walitukaribisha kwa chai na mahindi ya kuchoma, wakatuambia kwamba wao wakihitaji mtu wanamwita, wanamjaribisha, wakimwona anaweza wanamwajiri. Mkurugenzi alisikitika njia nzima. Alisema hajawahi kuona watu wanaishi bila mfumo namna ile.

Tuliporudi tulimkuta Bibi Rogathe amekaa kwenye benchi la wageni, na dumu tupu miguuni. Alikuwa amekuja kutoka Getanuwas juu ya lori la mahindi.

"Shikamoo, mama," Mkurugenzi alisema, maana hata mkurugenzi ana waliomtangulia.

"Marahaba, baba. Nimekuja kuuliza maji."

"Mama, serikali yenu haijalala. Kwa sasa tuko kwenye fonti."

Bibi Rogathe alifikiri. "Huyo Fonti ndiye fundi?"

"Hapana, mama. Fonti ni aina ya herufi."

"Sasa herufi itavuta maji?" Hakuwa anatania. "Baba, kisima kina maji. Pampu ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuiwasha. Tunakwenda bwawani, tunagombania matope na ng'ombe. Wajukuu zangu wanafika shule wenzao wameshatoka mapumziko. Mmoja anaharisha wiki nzima. Ndama wangu amekufa. Nimekuja kuuliza, kwani tumekosa nini?"

Upepo ulipiga bati. Mkurugenzi alimshukuru kwa uzalendo wake, akaamuru apewe chai. Mimi niliandika kwenye muhtasari: "Mdau alitoa maoni." Mama Agatha alisimamisha sindano zake kidogo, akamtazama yule bibi akinywa chai ile yote bila kupumzika, kisha akamjazia dumu lake kwenye bomba la ofisi. Kilichoendelea baada ya hapo ni kikao.

Uamuzi wa kwanza wa kamati ulikuwa kurasa tano, na zisipungue. Mkurugenzi alieleza kwamba mtu mwenye kurasa chache ni mtu mwenye mambo machache, na kisima hakiwezi kukabidhiwa mtu wa namna hiyo. Violeth akaitwa.

"Shikamoo, mzee," aliniambia akiwa amesimama mlangoni.

"Marahaba. Binti, wasifu wako una upungufu wa kurasa nne na nusu."

"Sasa niongeze nini, mzee? Niliyofanya nimeandika yote."

"Hilo ndilo tatizo la vijana," nilimwelekeza. "Wasifu siyo mambo uliyofanya. Wasifu ni namna mambo yanavyosomeka."

"Ina maana nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Nimesema upanue."

Mama Agatha, macho yakiwa kwenye sweta, alisema, "Nenda kwa Abdulrahim, mwanangu. Watu wote wameenda huko."

Abdulrahim alikuwa na steshenari karibu na stendi, kompyuta moja na mashine moja ya fotokopi yenye kelele kama trekta. Tangu tulipotangaza kurasa tano, alikuwa amebandika karatasi mlangoni: SIVII ZA KUSHIBA ZINAPATIKANA. Mimi nilikuwepo siku hiyo kikazi, natoa nakala za muhtasari, na nilishuhudia huduma yake kwa umma.

"Sasa hivi unafanya nini?" alimuuliza Violeth.

"Sina kazi. Nachota maji bwawani."

"Na nini?"

"Na punda."

"Wangapi?"

"Wawili."

Abdulrahim akachapa huku akisoma kwa sauti: "Meneja wa Usafirishaji wa Maji, Kanda ya Getanuwas, msimamizi wa rasilimali hai mbili. Punda akigoma unafanyaje?"

"Nambembeleza. Asiposikia, namsukuma."

"Uzoefu katika kusuluhisha migogoro mahali pa kazi. Unaimba kwaya?"

"Naimba sauti ya pili."

"Naibu wa Sauti, ngazi ya parokia." Vidole vyake vilikimbia. "Simu unayo? Basi wewe ni mtaalamu wa mawasiliano. Umewahi kupika kwenye harusi?"

Violeth aliinama kutazama kioo cha kompyuta kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu asiyemjua. "Kaka Abdulrahim, huyu ni nani?"

"Ni wewe, ukishapata kazi."

Hakucheka. Alichukua kurasa zake tano, akazikunja, akaondoka kuwahi lori. Nilimwona stendi akisoma ile ya kwanza kwa midomo, akiwa amekunja uso.

Wasifu mpya zilipowasili, hazikuenea mezani. Mkurugenzi alisoma kwa bidii mpaka akasinzia. Alipozinduka alikuwa amekasirika.

"Evarist, hapa pana mameneja thelathini. Kila mtu ni mchapakazi, mwaminifu, anafanya kazi chini ya shinikizo. Hata maneno ni yale yale! Nani kati ya hawa anajua pampu?"

"Hazisemi wazi, Mheshimiwa."

"Kwa nini hazisemi?"

"Pampu ilichukua mstari mmoja tu, Mheshimiwa. Kurasa zilikuwa tano."

Kamati ikakutana kwa dharura. Hapo ndipo Mama Agatha alipozungumza kikaoni kwa mara ya kwanza tangu kamati kuundwa. Aliweka sweta pembeni, jambo lililotutia wasiwasi.

"Napendekeza ukurasa mmoja," alisema. "Na kila kazi iliyotajwa iwe na shahidi aliyenufaika nayo. Shahidi aeleze kwa maneno yake mwenyewe amenufaikaje, aweke sahihi au dole gumba. Kazi isiyo na shahidi ifutwe."

Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha. "Hiyo itawakomesha! Andika, Evarist. Tena iwe kwa mtu yeyote anayeomba nafasi yoyote, awe mdogo awe mkubwa. Mwanangu akiomba, na yeye humo humo. Sitaki baadaye nisikie kuna mtu amesamehewa."

"Nafasi yoyote, Mheshimiwa?" nilimuuliza, kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu.

"Yoyote!"

Nikaandika. Akasaini kwa kalamu yake ya wino wa kijani. Ukapewa jina la Mwongozo wa Hhando, ukapelekwa mkoani, na nakala ikaenda juu zaidi. Haukupita muda tukapongezwa. Wakubwa walisema hawajawahi kupokea kutoka wilayani kitu kifupi namna ile. Mkurugenzi alitembea Katesh nzima na barua ya pongezi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Ungedhani sasa tungeajiri. Haikuwezekana. Mwongozo ulikuwa haujazinduliwa, na mwongozo usiozinduliwa ukiutumia unauharibu. Tulikuwa tunatafuta mgeni rasmi na utepe. Getanuwas waliendelea na bwawa lao.

Kabla utepe haujapatikana, ukaja waraka. Mamlaka zote ndogo za visima zinaunganishwa. Nafasi za wakurugenzi zinatangazwa upya. Walioko madarakani wanaruhusiwa kuomba, "kwa kuzingatia Mwongozo bora kabisa uliotoka Hanang."

Mkurugenzi aliusoma akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Evarist. Mwenye mwongozo naye anabanwa na mwongozo?"

"Kifungu cha nne, Mheshimiwa. Nafasi yoyote."

"Nani aliweka kifungu cha nne?"

"Wino ni wa kijani, Mheshimiwa."

Tukaanza kazi ya kuushusha wasifu wake kutoka kurasa arobaini na tatu hadi mmoja. Nilidhani ugumu ungekuwa kuchagua. Haikuwa hivyo. Tulianza na warsha ya utawala bora aliyohudhuria Arusha.

"Nani alinufaika?" nilimuuliza, kalamu mkononi.

"Mimi nilinufaika sana."

"Mwongozo unamtaka mtu mwingine, Mheshimiwa."

Alifikiri. "Hoteli."

Nikapiga simu hotelini. Hawakumkumbuka. Tukafuta. Tukapiga simu Gitting kwa mwalimu wa chekechea. Yeye alimkumbuka vizuri mno. Alisema hotuba ilipofika katikati watoto walilala kwenye majani wakiwa na majoho yao, na kama kulala ni manufaa, yuko tayari kusaini. Mkurugenzi alinionyesha kwa kidole nikate simu. Tulifuta ujumbe wa bodi, tukafuta uenyekiti, tukafuta ziara. Ile ya Mbulu aliifuta mwenyewe. Ilipofika saa ya chai ya jioni, ukurasa ulibaki na jina lake, tarehe ya kuzaliwa, na dini.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mkurugenzi Hhando akitazama dirishani bila kuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba anatafakari. Alisema polepole, "Miaka yote hii, Evarist. Haiwezekani hakuna mtu."

Mama Agatha alikohoa. "Kuna watu wa Getanuwas. Wakipata maji, watakuwa wamenufaika."

Mkurugenzi aligeuka kama aliyeguswa na umeme. "Violeth aajiriwe leo!"

"Uzinduzi bado, Mheshimiwa," nilimkumbusha.

"Leo!"

Violeth alikuwa ameshaleta ukurasa wake mmoja siku nyingi. Mwenye mashine wa Balangdalalu alikuwa ameandika: "Mashine yangu ilikufa, huyu binti akaifufua, tunasaga." Paroko wa Gitting aliandika kwamba bomba la parokia linatoa maji na yeye analala vizuri. Usaili ulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Alipokabidhiwa funguo aliziminya kiganjani, akauliza jambo moja tu.

"Naweza kwenda sasa hivi?"

Kesho yake pampu ilinguruma Getanuwas.

Nasi tukaenda, Mkurugenzi akiwa na shati jeupe, mimi na kibweta cha wino kwa ajili ya madole gumba. Mahali pale palikuwa kama mnada. Punda wamejipanga, wanawake wanaosha madumu, watoto wanamwagiana maji na hakuna anayewakataza. Violeth alikuwa ametoka kwenye kibanda cha pampu, mikono myeusi kwa oili, anacheka na mama yake. Mkurugenzi akatoa hotuba. Pampu ilimzidi sauti. Aliomba izimwe kidogo. Wanawake wakasema kwa pamoja, "Isizimwe!"

Basi akahamia kwa mtu mmoja mmoja, na wa kwanza alikuwa Bibi Rogathe.

"Mama, umepata maji?"

"Nimepata, baba."

"Umenufaika?"

"Sana."

"Basi mweleze katibu, yeye ataandika. Sema tu ukweli."

Kwa kweli hilo ndilo alilomwambia. Nilikuwepo.

Bibi Rogathe aliniangalia nikifungua kalamu. "Andika, mwanangu. Huyu baba alikuwa anakaa kikao, sisi tukakosa maji. Siku alipoacha kukaa kikao, maji yakatoka. Namshukuru kwa kuacha."

Mkurugenzi alisogea karibu. "Mama, hapo tungeweza kusema, maji yametoka chini ya uongozi wake?"

Bibi alichungulia kisima. "Chini humu nimeona bomba tu."

"Ni maneno yake mwenyewe, Mheshimiwa," nilinong'ona. "Kifungu cha tatu."

Bibi akaweka dole gumba. Aliyefuata akasema, "Na mimi niandikie hivyo hivyo." Na aliyefuata. Walipanga foleni kwa nidhamu nzuri, wengine wakiwa na watoto mgongoni, kila mmoja akimshukuru Mkurugenzi kwa kuacha. Mama mmoja aliongeza kwamba angefurahi zaidi kama angeacha mapema. Violeth peke yake hakusaini. Alisema yeye ana kazi, akarudi kwenye kibanda.

Njiani nilimshauri Mheshimiwa asiupeleke ukurasa ule. Alijibu kwamba ukurasa wenye mashahidi wengi kiasi kile haujawahi kutokea, na wasaili huwa wanaangalia idadi, hawasomi. Alizungumza kwa uzoefu.

Siku ya usaili nilimsindikiza Babati, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika ushahidi, niliruhusiwa kuingia ndani. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na bahati mbaya alikuwa msomaji. Alisoma ukurasa wote, akaugeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaurudisha.

"Mheshimiwa Hhando, huu mwongozo ni wako?"

"Ni wangu, mama," alisema, akijiweka sawa kitini.

"Hongera. Sasa hapa nina mashahidi wengi, na wote wanakubaliana, jambo ambalo ni nadra. Wanasema walinufaika pale ulipoacha. Ni kweli?"

"Kwa lugha ya kiutawala, mama, hilo linaitwa kujenga mazingira wezeshi."

"Kwa lugha ya Getanuwas linaitwaje?"

Mkurugenzi alinitazama. Nilikuwa naandika.

"Kuacha," alisema hatimaye.

"Na maji yametoka?"

"Yametoka."

Mama yule aliwatazama wenzake, wenzake wakaafiki kwa vichwa. "Mheshimiwa, kwa kisima kimoja umefanya vizuri sana. Mkoa una visima vingi. Jopo linaona si haki kuwanyima wananchi wengine manufaa hayo hayo. Tunakuomba uache moja kwa moja."

Alisimama, akashukuru jopo, kwa kuwa ni mtu wa itifaki. Tulipofika nje alitafuta gari la ofisi, akakuta dereva ameshapewa maelekezo mapya. Alirudi kwa basi dogo, jalada la bluu mapajani. Siku hizi yuko Gitting analima viazi, na nasikia anaamka mapema.

Mama Agatha ndiye anayekaimu. Amefunga chumba cha mikutano na kukigeuza stoo ya vipuri. Watumishi wote tunatakiwa kuomba upya, na mimi, kama mtu wa taratibu, nimekuwa wa kwanza kutii. Niliandika kazi yangu kubwa, yaani Katibu wa Kamati ya Muda ya Urefu wa Wasifu, kisha nikazunguka Katesh kutafuta mtu aliyenufaika na kamati hiyo. Nilizunguka sana. Mwishowe alipatikana mmoja, Abdulrahim wa steshenari, ambaye alinikumbatia na kuandika bila kushurutishwa: "Kamati hii ilinisaidia mno. Nilinunua mashine ya pili ya fotokopi. Naomba iundwe nyingine."

Mama Agatha aliusoma ukurasa wangu kwa makini, akaurudisha mezani taratibu.

"Mashine ya pili," alisema. "Amepata mtu wa kuiendesha?"